Mama amekaa eda Ngamiani na mwili umeanza kumlemea: afanye nini ndani ya nyumba?

Binti wa Ngamiani ameuliza:

Assalaam alaykum, na shikamooni wakubwa zangu wote. Naomba ushauri juu ya mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 62, ambaye amekaa eda, ile miezi minne na siku kumi ya mjane kukaa nyumbani, hapa kwetu Ngamiani, Tanga, baada ya baba yetu kutangulia mbele ya haki. Leo ni siku ya 47. Mimi ninafanya kazi Morogoro na nimefika nyumbani mara mbili tu tangu msiba. Anayeishi naye ni mpwa wangu wa kidato cha pili, ambaye hutoka asubuhi na kurudi alasiri, kwa hiyo saa nyingi za mchana mama yuko peke yake.

Ili mnielewe, sina budi kueleza alikuwa mtu wa namna gani kabla ya hapo. Kila siku baada ya sala ya alfajiri alipanda baiskeli yake akaenda Soko la Mgandini kununua samaki na mboga, naye hakuwa mtu wa kununua mahali pamoja na kurudi. Angeshuka kwa huyu amjulie hali, angepita kwa yule akachukue fedha za mchezo, angesukuma baiskeli kwa mguu mtaa mzima akizungumza na jirani aliyekutana naye njiani, hata saa tatu inaingia hajaweka kapu chini. Katika maisha yake yote sijamsikia akisema kwamba anafanya mazoezi.

Siku arobaini za mwanzo nyumba ilijaa watu, na ilikuwa shida kupata hata pa kuketi. Ilipokwisha hitima ya arobaini, mikeka ikakunjwa, masufuria ya kuazima yakarudishwa kwa wenyewe, na wageni wa Pangani na Muheza wakarejea kwao. Nadhani kwa mama eda ilianza hasa siku ile. Sasa anashinda juu ya godoro, mgongo ukutani. Mchana analala, usiku yuko macho mpaka anamsikia muadhini. Jioni miguu yote miwili inajaa, na ukibonyeza kwa kidole juu ya kifundo, kishimo kinabaki. Chakula ni matonge mawili matatu. Kulia nilikutarajia, na mwanzoni alilia kama mtu yeyote aliyeishi na mumewe miaka 39. Linalonitisha ni kwamba hata kulia ameacha. Nikimpigia simu na kumwuliza hali, anajibu neno moja tu: "Nipo."

Nilipokuwa nyumbani wiki iliyopita nilimwona akiinuka kutoka kwenye mbuzi baada ya kukuna nazi moja. Aliweka mkono ukutani akatulia, akaweka wa pili gotini akatulia tena, akavuta pumzi, ndipo akasimama. Huyu ni mtu ambaye miezi miwili nyuma alikuwa akiendesha baiskeli. Baiskeli yenyewe imeegeshwa koridoni, tairi la nyuma limekwisha upepo, na mpwa wangu ameufanya usukani kuwa mahali pa kutundika sare yake ya shule.

Nilipomwambia afanye mazoezi kidogo, aliniuliza kama nimesoma mpaka nimesahau kwamba yeye ni kizuka, yaani mjane aliye edani. Shangazi zangu nao wanasema kizuka hutulia, na kuhangaika ovyo ni kumkosea heshima marehemu. Sitaki kushindana na watu wazima katika msiba wa kaka yao. Hata hivyo naomba kujua mambo mawili: je, kukaa huku bila kutembea kunaweza kuwa ndiko kunakomharibia usingizi na kumzimisha moyo, au ni huzuni tu? Na kama kutembea kutamsaidia, ni kwa namna gani bila kuivunja eda yake? Mama ana presha na anakunywa vidonge kila siku.

---

Mzee wa Sahare amejibu:

Pole sana, binti, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu. Mimi naona tuwe waangalifu. Siku hizi kila kitu kimepewa jina la ugonjwa na kila ugonjwa umepewa mazoezi. Mama yako amefiwa na mtu aliyelala naye chumba kimoja kwa miaka 39, naye ametulia kwa sababu hana pa kwenda na hana wa kumwambia. Mama yangu alikaa eda mwaka 1994, alikonda, alinyamaza, na siku ilipokwisha alioga, akatoka, akaendelea na shughuli zake. Muacheni mama apumzike.

---

Mwenye Kazi ya Viungo amejibu:

Nami natoa pole kwa familia. Nimefanya kazi ya fiziotherapia kwa miaka 19, mingi kati ya hiyo mkoani humu, na naomba kutofautiana na Mzee wa Sahare katika jambo moja tu. Ni kweli kwamba huzuni si ugonjwa, na mtu asimharakishe mjane aimalize. Lakini mama alipofiwa, alipoteza pia kwa siku moja safari zake zote za asubuhi, jua lake, na watu wake wa sokoni, na hayo yana hesabu yake mwilini ambayo haina uhusiano na machozi.

Nianze na miguu, maana ndiyo inayoonekana. Damu iliyoshuka miguuni hairudi juu kwa nguvu ya moyo peke yake. Misuli ya tafu huisukuma kila mtu anapopiga hatua, na ndani ya mishipa kuna vilango vinavyoizuia isishuke tena. Mtu anaposhinda ameketi, tafu halijikazi, na maji huchuja kutoka mishipani yakatuama kwenye vifundo. Hiyo ni sababu moja. Kwa mwenye presha ziko nyingine: zipo dawa za presha, amlodipini ikiwa mojawapo, ambazo zenyewe huvimbisha vifundo, na pia moyo au figo zikichoka dalili huwa hiyo hiyo. Kwa hiyo kabla ya jambo lingine lolote, aje muuguzi nyumbani ampime presha, avikague vidonge vyake na kuagiza mkojo upimwe. Tena ikitokea mguu mmoja tu ndio umevimba, ukawa na joto na maumivu, au pumzi ikambana ghafla, hapo msingoje kesho. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na anatakiwa hospitali saa hiyo hiyo.

Ama kuhusu namna anavyoinuka kwenye mbuzi, hilo nalijua vizuri. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi ambao wazee wenye afya njema walikubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Katika siku hizo 10 tu walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Mama hajalala kitandani kutwa kucha, lakini siku 47 za godoro na ukuta si kidogo kwa mtu wa miaka 62, na msuli wa paja ukishapungua, kila kuinuka kunakuwa safari, na mtu huanza kupanga siku yake ili asiinuke.

Sasa moyo na usingizi. Mwili una saa yake ndani, na saa hiyo hurekebishwa na mwanga wa asubuhi unaoingia machoni. Mama alikuwa akiupata mwanga huo njiani kwenda Mgandini bila kujua. Chumba chenye pazia hakina mwanga wa kutosha, hivyo saa ya mwili imekosa kitu cha kuirekebisha, na usingizi wa mchana unamaliza ule wa usiku. Mtu asiyelala usiku huwaza usiku, na mawazo ya saa nane za usiku hayafanani na ya saa nne za asubuhi.

Kuna uchunguzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, uliochapishwa mwaka 1999, ambao nimekuwa nikiutaja mara kwa mara kwa wagonjwa wangu. Watu 156 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, waliokuwa na sonona, yaani huzuni iliyofikia kuwa ugonjwa, tena iliyothibitishwa, waligawanywa katika makundi matatu: wa vidonge, wa mazoezi, na wa vyote viwili. Wa mazoezi walitembea kwa haraka au kukimbia polepole kwa dakika 30, mara tatu kwa wiki. Waliopewa vidonge peke yake walianza kupata nafuu mapema zaidi, ila baada ya wiki 16 makundi yote yalikuwa yamefikia nafuu inayokaribiana. Wiki 16, mtaona, hazipishani sana na muda wa eda. Hata hivyo sitaki kuwauzia jambo hilo kwa bei isiyo yake: watu wale walifanya mazoezi kwa pamoja, wakionana kila mara, na watafiti wenyewe walikiri kwamba huenda ule kuonana nao ulichangia. Wala hakuna aliyesema mtu aache dawa alizoandikiwa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli zinazoongeza pumzi kidogo. Mwongozo huo unahesabu pia kazi za nyumbani, haudai dakika hizo ziwe mfululizo, na unasema wazi kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Mama alikuwa akizizidi dakika hizo kwa Mgandini peke yake. Ndiyo maana naona neno "mazoezi" ndilo lililowaponza: ukimwambia mama wa makamo kwamba anahitaji mazoezi, yeye anasikia raba na suruali. Mama hakuwa na mazoezi ya kunyimwa; alichonyimwa ni sababu za kuinuka, na hizo zinaweza kurudishwa ndani ya nyumba hiyo hiyo.

Hamisheni vitu. Mtungi wa maji ya kunywa utoke chumbani uende uani, simu ichajiwe upande wa mlango wa mbele, dawa ziwe mahali pa tatu. Mjukuu asimfagilie ua wote. Aache upande mmoja. Mchele apepete yeye. Nazi aendelee kukuna, ila mpandishieni mbuzi juu ya kitu imara kisichoyumba, ili asianze kuinuka kutoka chini sana. Asubuhi, kati ya saa moja na saa tatu, chai yake inywewe uani, isipelekwe chumbani hata siku moja, na akishaamka asirudi kwenye godoro mpaka adhuhuri iswaliwe.

Korido za nyumba za Ngamiani nilizowahi kuingia hazipungui hatua 20 toka mlango wa mbele mpaka mlango wa uani. Kwenda na kurudi ni 40. Achukue tasbihi ya punje 33, avute punje moja kwa kila mzunguko, na zikimalizika atakuwa amepiga hatua 1,320, kazi ya robo saa hivi kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Aanze na punje 10, na kila siku mbili tatu aongeze. Kisha pawepo kiti cha mbao kilichosukumwa ukutani kisiteleze: asimame na kuketi mara 5, bila kujivuta kwa mikono akiweza, na baada ya hapo ashike ukuta anyanyue visigino mara 10. Hilo la visigino ndilo dawa ya tafu. Akisikia kizunguzungu, kifua kubana au mapigo kwenda mbio, aketi, na muuguzi aambiwe.

La mwisho kwangu. Kumsikia marehemu akikohoa chumbani au kumwona kwa kutupa jicho si wazimu, huwatokea wajane wengi, msimtishe akiwaambia. Lakini akikataa chakula siku nyingi, akashindwa hata kujitia maji, au akasema anataka kumfuata mzee, hilo si la korido tena wala si la mtandaoni. Mpelekeni hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu mkamweleze daktari waziwazi. Wala pasiwe na haya katika kwenda. Huku juu kwetu Korogwe iko hospitali ya Lutindi, inayotibu wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani, na huko mgonjwa hufanya kazi ya shamba na ya karakana pamoja na kunywa dawa. Kwamba mikono ikipata kazi moyo nao hupata pa kushika, si jambo geni mkoani kwetu.

---

Bi Mwalimu wa Chuoni amejibu:

Waalaykum salaam, mwanangu. Nafundisha wanawake chuoni Pangani, na swali lako la pili nimeulizwa mara nyingi kuliko unavyodhani, kwa kawaida na watoto walio mbali kama wewe.

Muda wa eda, miezi minne na siku kumi, umetajwa katika Suratul Baqara, aya ya 234, na unahesabiwa kwa miezi mwandamo. Mwanamke aliyefiwa anatakiwa akae katika nyumba yake, alale humo, na aache mapambo: manukato, wanja, nguo za kujipamba, na mazungumzo ya posa. Sijaona mahali alipotakiwa asitembee ndani ya nyumba yake au asiote jua uani kwake. Kutulia kwa maana ya kutonyanyuka ni mila, tena mila nyingine ni nzuri na zina hekima yake, ila mila isipandishwe ikawa sheria.

Tena sisi wa pwani wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na katika madhehebu hayo mjane huruhusiwa kutoka mchana kwa haja, kama vile kununua chakula. Imamu Nawawi, mwanazuoni wa madhehebu hayo aliyefariki mwaka 1277, ameliandika hilo katika kitabu chake cha Minhaj, akaongeza jambo ambalo huwashangaza wanafunzi wangu kila ninapolisomesha: kwamba anaweza hata usiku kwenda nyumba ya jirani kusokota uzi na kuzungumza, kwa sharti arudi kulala kwake. Miaka zaidi ya 700 iliyopita wanazuoni waliona kwamba mwanamke aliyefiwa anahitaji kazi ya mikono na mtu wa kuzungumza naye, nasi leo tunamfungia chumbani tukidhani tunamsitiri. Ikiwa ruhusa hiyo ipo kwa ajili ya uzi na mazungumzo, basi safari ya kwa daktari haihitaji hata kuulizwa.

Jambo lingine ni sala. Je, mama anasali amesimama au ameketi? Anayeweza kusimama, kusimama katika sala ya faradhi ni nguzo, na anayeshindwa ana ruhusa ya kuketi. Nimeona wanawake waliohamia kwenye kiti siku za msiba kwa uchovu, kisha kiti kikawa mazoea. Faradhi za siku moja ni rakaa 17, na kila rakaa ina sijida mbili. Mtaalamu hapo juu atatuambia misuli gani inafanya kazi, mimi najua tu kwamba mtu anayeinuka kutoka sijida 34 kwa siku hahitaji kufundishwa kuinuka kwenye mbuzi.

Na shangazi zako, nakuomba usiwapelekee maneno yangu kwa simu kama mtu anayerusha jiwe. Wamefiwa na kaka yao, na kumwona wifi yao ametulia kunawapa faraja ya kwamba kaka yao alipendwa. Mtafute somo yake mama, au mwanamke mzima wanayemheshimu, aende akaketi nao, na neno litoke kinywani mwake.

---

Baharia Mstaafu amejibu:

Nimesoma yote na nimeona niongeze kidogo, maana nami nimewahi kukaa ndani bila kupenda, ijapokuwa eda yangu ilikuwa ya chuma. Mwaka 2020 nilikuwa katika meli ya mizigo kwa mkataba wa miezi 9. Maradhi ya korona yalipofunga bandari, nchi nyingi zilikataza mabaharia wasishuke wala wasibadilishwe, na kufikia mwishoni mwa mwaka ule ilikadiriwa kuwa mabaharia wapatao 400,000 walikuwa wamekwama baharini mikataba yao ikiwa imekwisha. Mimi nilishuka mwezi wa 14.

Tulikuwa na chumba cha mazoezi melini, chenye vyuma na baiskeli ya kusimama. Fundi wetu mmoja alinyanyua vyuma kila siku, peke yake, mlango umefungwa, mpaka mikono ikawa kama magogo, na bado alikuwa halali na alikuwa akigombana na kivuli chake. Mimi nilijipangia kuzunguka sitaha kila jioni; siku ya nne nikaacha. Kilichoniokoa ni mpishi wetu, Mfilipino, mtu mfupi wa maneno machache, ambaye alipomaliza kuosha vyombo alikuja kunigongea mlango kwa mwiko. Hakuwa ananiita mazoezini, alitaka mtu wa kutembea naye mpaka chakula kishuke. Lugha yenyewe tuliyoelewana ilikuwa ya kuungaunga. Tulizunguka mara 20 kila jioni kwa miezi mitano, na nikasikia usingizi umerudi kabla sijajua umerudije.

Ndiyo maana aliposema mtaalamu kwamba watu wale wa Duke walitembea kwa pamoja, sikushangaa. Binti, punje za tasbihi ni nzuri, lakini mtafutie mama mtu wa mwiko. Kwa kuwa sheria inamruhusu mjane kwenda kuzungumza na jirani, jirani naye hashindwi kuja, na iwe saa ile ile kila siku, ili mama aione saa ikikaribia na ajue kuna mtu anayemngoja ainuke.

---

Mzee wa Sahare amejibu:

Nimewasikia, na kuhusu mtungi na jirani sina ugomvi. Nilichokuwa nakiogopa ni kumwona mama wa watu akiamrishwa kuruka kamba na watoto wake kwa njia ya simu. Mnihakikishie tu kwamba hatahesabiwa hatua mbele ya wageni.

---

Binti wa Ngamiani ameandika tena:

Naomba radhi kwa kukaa kimya. Leo ni siku ya 70, nami niko nyumbani tangu juzi, kwa hiyo ninayowaeleza nimeyaona mwenyewe.

Muuguzi alifika, akakuta presha ni 158 kwa 94, akatushauri tumwone daktari, na daktari akabadilisha kidonge kimoja. Miguu imepungua sana, lakini kwa kuwa kidonge na kutembea vilianza wiki ile ile moja, siwezi kuwaambia ni kipi kilichoipunguza. Mkojo haukuwa na tatizo. Kuinuka nimekuona kwa macho: mkono mmoja gotini, na yuko juu.

Shangazi mkubwa alizungumza na somo yake mama, wakajifungia chumbani saa nzima, wakatoka wote macho mekundu, na tangu hapo hakuna aliyesema neno juu ya kizuka kutulia. Shangazi mwenyewe ndiye aliyeutoa mtungi.

Tasbihi mama aliikataa. Alisema hiyo ni ya kumtaja Mungu, si ya kuhesabia mizunguko kama punda wa kinu. Anatumia mbegu za ubuyu: ziko 33 katika kibakuli kwenye mlango wa mbele, na kila akifika huchukua moja akaenda kuitia katika kibakuli cha pili kilichoko uani. Zikimalizika hazihamishwi, kesho anaanzia upande wa pili. Mtu wa mwiko amepatikana pia, jirani wa nyumba ya nyuma yetu, mjane wa miaka mingi, ambaye huja baada ya alasiri akitembea naye koridoni bega kwa bega, wakigombania bei ya samaki ambao hata mmoja wao hakwenda kuwanunua. Siku mbili hakuja kwa sababu ya homa, na siku hizo mbegu hazikutoka kwenye kibakuli. Baharia, nilikukumbuka.

Usingizi haujakaa sawa kabisa. Anaamka mara moja au mbili, ila saa nne za usiku amekwisha lala, na mchana yuko macho. Siku ya 63 alilia tangu adhuhuri mpaka alasiri, kwa sauti, akimtaja baba kwa jina lake la ujana ambalo sisi watoto tulikuwa hatulijui. Mpwa wangu alinipigia simu kwa hofu. Shangazi akachukua simu akasema, "Muache, alikuwa amechelewa."

Jana nilimwambia mpwa wangu aijaze upepo ile baiskeli. Mama alikuwa uani akipepeta mchele, hakugeuza hata uso. Alisema upepo wa leo utakuwa umekwisha kabla ya eda, kwamba tairi lile lina tundu tangu mwezi wa kwanza na linataka kiraka, na kwamba kiraka kinunuliwe wiki ya mwisho, si sasa. Kisha akamwambia mtoto aitoe sare yake kwenye usukani, unapata kutu.